Mkono Ndio Hutangulia

Mchezaji wa peintiboli akijificha nyuma ya gogo kisha achungulie ili afyatue, vitu vitatu hutokeza kwanza: mtutu wa bunduki yake, mkono ulioushika, na uso. Uso una kinga, maana hakuna uwanja unaojiheshimu unaomruhusu mtu kuingia kabla hajafunika macho, masikio na mdomo. Mtutu ni chuma, hauumii. Unaobaki ni mkono. Mpinzani wako wala hana haja ya kuulenga. Yeye analenga anachokiona, na anachokiona ni bunduki na kinyago, na mkono wako umekaa katikati ya hivyo viwili.

Haya niliyajua kwa kusimama na kutazama. Nilipomaliza chuo na kukosa kazi niliyoisomea, niliajiriwa kuwa refa katika uwanja mmoja wa peintiboli upande wa Ngong, pembezoni mwa Nairobi. Refa wa mchezo huu hachezi. Anavaa fulana ya rangi kali, anasimama kati ya pande mbili zinazofyatuliana, anaamua nani kapigwa na nani bado, na muda wote macho yake yako juu ya watu. Wateja wetu wakubwa walikuwa wafanyakazi wa maofisi, walioletwa kwa basi Jumamosi na waajiri wao ili wakajenge ushirikiano. Tuliwapa ovaroli, kinga ya kifua kwa aliyeitaka, kinyago kwa kila mtu, bunduki na vipira. Glavu hatukuwapa, na viwanja vingi nilivyokuja kuvitembelea baadaye navyo havitoi. Ikifika saa tisa alasiri, watu wameketi wanangoja nyama choma, ungewaona wakilinganisha mikono: huyu gumba limevilia damu, yule ngozi imechubuka juu ya kifundo cha kidole, mwingine anashindwa kufungua chupa ya soda. Mapaja na migongo nayo ilikuwa na alama, lakini alama ya pajani mtu huicheka na kuisahau. Ya mkononi inamfuata Jumatatu mpaka kazini, kwenye kibodi ya kompyuta.

Tangu wakati huo ninaamini kwamba baada ya kinyago, kifaa cha kwanza ambacho mchezaji anapaswa kukitafuta ni glavu. Buti za bei na bunduki yake mwenyewe vinaweza kungoja. Na glavu inayofaa ni ile ambayo katikati ya mchezo hatapata sababu ya kuivua.

Tuanze na kipira chenyewe. Cha kawaida kina kipenyo cha milimita 17 na ushei, na uzito wa gramu 3 hivi. Ni ganda la jelatini lililojazwa rangi inayooshwa kwa maji. Viwanja vingi huzuia kasi isizidi futi 280 au 300 kwa sekunde, yaani kati ya mita 85 na 91. Hiyo ni zaidi ya kilomita 300 kwa saa. Kila asubuhi tulipima bunduki moja moja kwa kipimakasi, na iliyozidi ilirekebishwa kabla mgeni hajaigusa. Kwa kasi hiyo, kipira kikipiga paja lenye nyama, nguvu yake hutawanyika. Mgongo wa mkono hauna nyama ya kutawanya chochote. Ubonyeze sasa hivi kwa kidole: ni ngozi, mishipa, mfupa, basi. Tena kipira kinapopasuka, sehemu ya nguvu huishia katika kulipasua ganda. Kisipopasuka, mkono huibeba karibu yote. Ndiyo maana wachezaji wa zamani huogopa zaidi kipira kinachodunda kuliko kile kinachowapaka rangi.

Ngong ina baridi. Mwezi wa Julai, upepo unaposhuka kutoka vilimani, vidole hufa ganzi kabla mchezo haujaanza, na mkono uliokufa ganzi ukipigwa huuma mara mbili: kwanza unapopigwa, halafu unapopata joto. Baridi hiyo hiyo huyafanya maganda ya vipira yawe makavu na mepesi kuvunjika, kikapasuka kingine ndani ya mtutu. Sasa mchezaji inambidi achukue ufito wenye kitambaa, ausukume ndani, asafishe, akiwa amechuchumaa nyuma ya tairi. Ni kazi ya vidole. Mara nyingi sana nilimwona mtu akivua glavu ili aifanye, na mara nyingi sana hapo ndipo alipopigwa.

Siku moja lilikuja kundi la wahasibu, na miongoni mwao dada mmoja mwepesi, hodari, asiyeogopa kukimbia mahali peupe. Mzunguko wa pili ulikuwa haujakwisha akatoka ameinua mkono wa kulia juu, ishara kwamba amepigwa, na ule wa kushoto ameubana kwapani. Kipira kilimpata kwenye kidole cha pete, juu tu ya pete yenyewe, na hakikupasuka. Hakuvaa glavu. Tulipofika kwenye kibanda cha huduma ya kwanza, kidole kilikuwa kimeanza kujaa.

“Madam, hii pete tuitoe sasa hivi, kabla hakijavimba zaidi,” nikamwambia.

“Haitoki. Na msiikate, ni ya ndoa.”

Mama aliyetupikia pale uwanjani alikuwa muuguzi kabla hajastaafu. Alisikia, akaja akifuta mikono kwenye leso aliyojifunga kiunoni. Alikitazama kidole, akakigusa ncha kujua kama damu inafika, akamwuliza kama anahisi. Alihisi.

“Mwanangu, hatuikati. Nipeni uzi.”

Tulikuwa na uzi wa kushonea ovaroli. Mama alipitisha ncha yake chini ya pete, ikatokea upande wa kiganja, akaiacha ining’inie. Uzi uliosalia akauzungusha kwenye kidole kuanzia kwenye ukingo wa pete kwenda juu, duara likigusana na duara, akivuta kwa nguvu, mpaka akakipita kifundo. Dada aliuma mdomo, akatazama mlangoni. Kisha mama akaishika ile ncha iliyoning’inia, akaanza kuufungua uzi polepole kuelekea kwenye ukucha, na pete ikawa inapanda juu ya uzi kidogo kidogo. Ilikwama kwenye kifundo. Mama akatulia, akamwacha apumue, akaendelea. Pete ikavuka.

“Shika mali yako,” mama akamwambia. “Siku nyingine iache kwenye mkoba.”

Tangu siku hiyo hakuna aliyepewa kinyago kutoka mkononi mwangu akiwa na pete kidoleni. Lakini swali lilibaki. Glavu ingemsaidia dada yule, na kama ingemsaidia, ni ya aina gani? Uwanjani hakuna aliyekuwa na jibu. Wenye duka la vifaa vya michezo mjini walikuwa na jibu la haraka, yaani ile ya bei ghali kuliko zote, na sikuridhika nalo.

Nikaenda Gikomba. Soko lile la mitumba lina watu wanaouza glavu tu, na wateja wao wakubwa ni madereva wa bodaboda, ambao asubuhi ya baridi hawawezi kushika usukani mikono mitupu. Kijana mmoja alikuwa amezimwaga kwenye turubai, za kila namna, kulia na kushoto zimechanganyika.

“Kastoma wangu, hizi ni kamera, belo tumelifungua asubuhi hii,” akasema. “Unataka za pikipiki?”

Nilimwambia nataka za kupigwa risasi za rangi. Hakushangaa hata kidogo. Akaniuliza, “Unapigwa wapi, mbele ya mkono au nyuma?” Swali lile lilikuwa na maana kuliko yote niliyoambiwa dukani, na kila ninapoulizwa kuhusu glavu ninaanzia hapo.

Maana kila glavu imeshonwa kwa ajili ya pigo fulani. Chukua glavu ya mwendesha baiskeli. Ni nyepesi, inabana vizuri, wengi huikimbilia kwa sababu ni ya michezo. Igeuze uitazame: sponji yote iko kiganjani, kwa kuwa mwendesha baiskeli huegemea usukani kwa kiganja, na akianguka hutanguliza kiganja. Upande wa nyuma ni kitambaa chepesi cha kupitisha hewa. Kwenye peintiboli pigo linatoka upande wa pili. Glavu ya kipa wa kandanda ina mgongo mnene unaozuia vizuri, lakini vidole vyake ni vinene hivi kwamba hakuna triga inayovipokea, na mpira laini wa kiganjani huchanika ukikutana na mwiba wa mgunga. Ya kuchezea theluji ni pana, inateleza, na baada ya dakika chache za kukimbia mkono unaogelea kwa jasho. Glavu za mjengo, zile za kufumwa zilizochovywa mpira kiganjani, ambazo kila duka la vifaa vya ujenzi linazo, zilinishangaza kwa uzuri: zinashika hata kitu kilicholowa rangi, zinapitisha hewa mgongoni, na mtu wa mfuko wowote anazimudu. Haziondoi maumivu, lakini zinazuia ngozi isichubuke. Kwa anayecheza mara moja kwa mwaka na kazini, zinamtosha.

Iliyonipendeza kuliko zote ilikuwa ya pikipiki za mashindano ya matope. Kiganja chake ni chembamba, unahisi kila kitu unachokishika. Mgongoni ina vipande vya mpira juu ya kila kifundo na juu ya kila kidole, vimetenganishwa ili mkono ukunjike. Pembeni mwa gumba pana kipande kingine, na hapo hasa ndipo watu wengi wanaposahau: gumba la mkono wa mbele linakaa upande wa nje wa bunduki, linawatazama wapinzani moja kwa moja. Nililipa shilingi 150, pea nzima, na kijana akanitafutia ya kushoto kwa subira mpaka akaipata.

Jioni wageni wakishaondoka, sisi wafanyakazi tulikuwa tunacheza wenyewe kumaliza vipira vilivyobaki. Nikagawa glavu zile, kila mtu na aina yake, kisha tukabadilishana. Niliwaomba wenzangu kitu kimoja tu: mtu akiivua kabla kipenga cha mwisho hakijalia, anieleze kwa nini. Sababu zikaja. Sikuipata triga. Jasho. Kifuniko cha chombo cha vipira kilinishinda kufungua. Nilitaka kufuta kioo cha kinyago nikakipaka tope. Nilishindwa kuvuta zipu. Ni mmoja tu aliyesema aliivua kwa sababu pigo lilipenya na kumwumiza. Hapo nikaona kwamba wengi wetu tunaiuliza glavu swali moja, itazuia kiasi gani, na kumbe linalotangulia ni jingine: nitaweza kufanya kazi yangu yote nikiwa nimeivaa? Glavu nene iliyowekwa mfukoni haimkingi mtu.

Kwa hiyo kabla ya kununua, ifanyie kazi palepale dukani au sokoni. Ivae. Kunja ngumi, uone kama kitambaa kinakukaba juu ya vifundo, maana ikikukaba ikiwa kavu itakukaba zaidi ikilowa. Okota sarafu ya shilingi moja mezani. Funga kamba ya kiatu. Vuta zipu. Kisha sogeza kidole cha shahada mbele na nyuma peke yake, vingine vikiwa vimekunjwa, kwa kuwa ndivyo utakavyofyatua. Ikishindwa mojawapo, irudishe, hata kama mgongo wake umejengwa vizuri namna gani.

Hilo la triga nalichukulia kwa uzito kuliko mengine kwa sababu linagusa usalama wa wengine. Alikuja mgeni mmoja na glavu zake mwenyewe, za ngozi, zile za kuchomelea vyuma, zinazofika karibu na kiwiko. Ni vifaa vizuri sana kwa kazi yake. Alikuwa amesimama kwenye banda la kungojea, bunduki imeelekea chini, akizungumza na wenzake, na kidole chake kikaingia ndani ya kile kipete cha chuma kinachozunguka triga bila yeye kujua, kwa kuwa hakikuwa kinahisi chochote. Bunduki ikalia. Kilichotuokoa ni ule mfuko wa kitambaa kizito tunaoufunga kwenye mdomo wa mtutu kila mtu anapokuwa nje ya uwanja. Kipira kilipasukia humo ndani. Banda lote lilinyamaza, na baadhi ya watu walikuwa wameshavua vinyago. Nilimwomba kwa heshima azivue, nikampa za mjengo, na alizipokea bila neno. Sikuwahi tena kuruhusu glavu ambayo kidole chake hakiingii na kutoka kwenye kipete kile kwa wepesi.

Zipo glavu zinazouzwa kwa ajili ya mchezo huu hasa, na nyingi zimekatwa vidole nusu. Nazielewa. Mchezaji wa mashindano anayetumia bunduki ya umeme hufyatua kwa vidole viwili vikipokezana kwa kasi, na anataka ngozi yake iguse chuma. Lakini ukikata vidole vyote katikati, umeviacha wazi viungo viwili vya mbele vya kila kidole, navyo ndivyo vilivyo karibu zaidi na mpinzani. Mimi napenda njia ya kati, niliyofunzwa na refa mwenzangu. Nunua iliyo kamili, kisha kata ncha ya kidole cha shahada tu, ya mkono wa triga tu. Anayefyatua kwa viwili akate na cha kati. Usikate chini ya kiungo cha kwanza kutoka juu. Kata juu yake, ukucha ubaki nje na kiungo kibaki ndani. Halafu mpelekee fundi wa viatu akupindie ukingo, la sivyo mshono utafumuka hadi chini ndani ya mwezi. Kwa mkono wa mbele, ulioshika mtutu au chupa ya gesi, usikate kitu. Mkono huo hauna kazi nyepesi na ndio unaopigwa zaidi.

Chupa ya gesi ni habari nyingine. Bunduki zetu nyingi zilitumia kaboni dayoksaidi, ambayo ndani ya chupa huwa kimiminiko na ikitoka nje ghafla hupoa vibaya sana, hata kugeuka barafu kavu ya nyuzi 78 chini ya sifuri. Kijana wetu wa kujaza chupa alikuwa na glavu nzito ya kazi hiyo, na haikuwa mbovu. Lakini kwenye shingo ya chupa pana kipete kidogo cha mpira ambacho lazima ukihisi kimekaa sawa, na kwa glavu ile hakihisiki. Akawa anaivua, anakikagua, anasahau kuirudisha. Siku moja chupa ilivuja akiwa ameishika, ncha za vidole vitatu zikageuka nyeupe, ngumu. Alipona, ila ngozi ilibambuka yote na hakushika kazi kwa majuma kadhaa. Aliporudi alikuwa na pea mbili juu ya mkono mmoja: nyembamba ndani, ya kukagulia, na nzito juu yake, ya kujazia. Akiivua ya juu, ya ndani inabaki. Ni mpango rahisi, na ninaupendekeza kwa yeyote anayecheza nyakati za baridi pia.

Kuna jambo kuhusu asili ya mchezo huu ambalo hunifanya niheshimu glavu za watu wa kazi. Bunduki ya kwanza iliyotumika, Nelspot 007, haikutengenezwa kwa ajili ya kucheza. Kampuni ya Daisy iliitengenezea Nelson Paint Company ya Marekani ili wataalamu wa misitu watie alama miti ya kukatwa na wafugaji watie alama ng’ombe. Tarehe 27 Juni 1981, wanaume 12 waliingia nazo katika msitu wa Henniker, jimbo la New Hampshire, kila mtu peke yake, kila mtu akitafuta bendera. Aliyeshinda, Ritchie White, alikuwa mtu wa misitu, na alizikusanya bendera zake bila kufyatua hata mara moja. Rangi ya enzi hizo ilikuwa ya mafuta na ilihitaji tapentaini kutoka. Ninapomwona mchezaji anayezidharau glavu za fundi na kutafuta zenye nembo ya kutisha, humkumbusha kwamba kifaa alichoshika kilianza maisha yake kwa watu waliokwenda kazini msituni.

Na glavu za kazi zina faida moja ambayo za michezo nyingi hazina: zimeandikwa uwezo wake. Zile zinazotoka Ulaya, hata zikifika Gikomba zimechakaa, huwa na kialama cha ngao chenye nyundo, na chini yake tarakimu nne. Hiyo ni EN 388. Tarakimu ya kwanza inahusu msuguano, ya pili kukatwa, ya tatu kuchanika, ya nne kutobolewa. Kadiri tarakimu inavyokuwa kubwa ndivyo inavyostahimili zaidi, na X maana yake haikupimwa. Baadaye huweza kufuata herufi ya kukatwa kwa kipimo kingine, na mwisho kabisa, kama ipo, herufi P. Hiyo P ndiyo ya kwetu: glavu imepimwa na kufaulu kuzuia pigo mgongoni. Viwanja vyetu vina miiba, kwa hiyo tarakimu ya nne nayo isiwe X. Kukatwa hakunihusu sana, wala silipii fedha ya ziada.

Kuhusu watoto nina msimamo mkali. Baadhi ya viwanja huwapa vipira vidogo, vya milimita 12.7, vyepesi kuliko vya watu wazima, na hilo ni jema. Halafu wanawavisha glavu za baba zao. Mtoto aliyevaa glavu kubwa hawezi kukiweka kidole chake nje ya triga hata akitaka, kwa kuwa ncha ya glavu inatangulia na kuning’inia humo. Heri kuahirisha mchezo. Glavu za baiskeli za watoto zenye vidole vizima, au za mjengo za saizi ndogo kabisa, zinapatikana kwa anayetafuta. Mzazi mmoja alinilalamikia kwamba namharibia mwanawe sikukuu ya kuzaliwa. Nilimwelewa, na sikubadili uamuzi.

Wengine huchagua glavu laini sana, nene, kwa hesabu nyingine: mpigo hauhesabiwi kipira kisipopasuka, na juu ya kitu laini kipira hudunda. Kwa hiyo mkono uliovikwa sponji unaweza kumbakisha mtu mchezoni. Sheria za viwanja vingi zinahesabu mkono na hata bunduki kuwa sehemu ya mchezaji, na glavu haiwezi kuwa mwanya. Kama refa nilizikataa glavu za namna hiyo, kwa ajili ya haki, na pia kwa sababu ile ile ya triga.

Utunzaji ni kazi fupi. Rangi ya siku hizi huyeyuka kwenye maji, lakini ikiachwa ndani ya mshono huvuta vumbi na kutoa harufu. Zioshe siku hiyo hiyo kwa maji baridi na sabuni kidogo, zianike kivulini, vidole vikitazama juu. Za ngozi usizianike juani, zitakakamaa. Kila baada ya mchezo kagua mshono ulio kati ya gumba na kidole cha shahada; huo ndio hufa kwanza. Na usiazimane glavu zilizolowa jasho, maana fangasi za mikononi hazichagui mtu.

Nilimsumbua mwenye uwanja kwa muda mrefu kuhusu jambo hili. Hoja yake ilikuwa gharama: glavu hupotea, watu huondoka nazo mfukoni. Sikubishana na hesabu zake. Nilimwomba aje kukaa nasi Jumamosi moja, saa tisa, kwenye meza za nyama choma, atazame mikono ya wateja wake wanapokula. Alikuja, akakaa, akazungumza nao, akaondoka bila kuniambia kitu. Wiki iliyofuata alinipigia simu akauliza ni saizi gani anunue. Nilimweleza jinsi ya kupima: funga utepe kuzunguka kiganja kwenye vifundo, gumba likiwa nje. Sentimita 18 hivi ni saizi 7, 20 ni saizi 8, 23 ni saizi 9, 25 ni saizi 10. Anayeangukia katikati avae ndogo, kwa kuwa glavu hulegea na haikazi.

Alinunua za mjengo, zenye kiganja cha mpira na vipande vya kuzuia pigo mgongoni, saizi 8, 9 na 10, idadi sawa. Tukaziweka mezani kando ya vinyago, na mama wa jikoni akajipa kazi ya kukusanya pete kwenye bahasha zilizoandikwa majina. Kundi la kwanza lilikuwa la walimu, wengi wao kina mama. Saa nne asubuhi saizi 8 zilikuwa zimekwisha zote, saizi 10 hazijaguswa, na nilikuwa nimeshamtumia bosi ujumbe kwamba tunahitaji 7.